Jiří Menzel alibaki kwao: je, nimwite msaliti?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasomea filamu, niko mwaka wa pili, na jioni naandika skripti za watu ili nilipe chumba. Muhula uliopita tulionyeshwa filamu ya Mcheki Jiří Menzel, ile ya kijana wa stesheni ya treni wakati wa vita, nikaipenda mpaka nikaitazama mara nne. Basi nikaanza kumsoma, na nilichokikuta kimenivunja moyo. Majeshi ya Urusi yalipoingia nchini kwao mwaka 1968 wenzake walikimbilia Marekani kupigania uhuru. Yeye akabaki, akaiangukia serikali, akatengeneza filamu ya kusifia ujenzi wa bwawa la umeme ili asamehewe. Tangu hapo akaishia kwenye vichekesho vya kijijini mpaka ukomunisti ulipoanguka. Rafiki yangu anasema huyo ni msaliti wa kawaida. Nauliza kwa sababu nami nimeletewa kazi: filamu ya dakika arobaini ya kusifia mradi mmoja mkubwa. Hela ni nzuri na jina langu litawekwa. Nifanyeje? Na huyu Menzel nimweke wapi?"

Marahaba. Umefunga maswali mawili kwa kamba moja, kwa hiyo kwanza niyafungue. La Menzel nitalijibu kwa kirefu kwa sababu nimemfundisha miaka mingi na bado simchoki. La mkataba wako nitasema ninachoweza, kisha nitakuelekeza kwa watu wengine, maana lina mambo ambayo mwalimu wa historia ya filamu hana uwezo nayo.

Nikikuelewa sawasawa, kinachokuuma ni hiki: ulimpenda mtu kupitia kazi yake, ukamwendea kwake bila hodi, ukamkuta amepiga magoti. Sasa unajiuliza kama ile filamu uliyoitazama mara nne nayo ilikuwa uongo. Wengi wetu tuliopenda sinema za Chekoslovakia tulipitia hapo. Mimi nilikaa karibu mwaka mzima bila kutaka kumtazama. Kilichonirudisha ni kukaa chini na kupanga tarehe, kwa hiyo ngoja tuzipange.

Menzel alizaliwa Praha tarehe 23 Februari 1938. Alitaka kufanya tamthilia za jukwaani, lakini akaangukia FAMU, chuo cha filamu cha Praha, kwenye darasa la Otakar Vávra. Darasa hilo lilikuwa na Věra Chytilová, Evald Schorm na wengine ambao miaka michache baadaye dunia nzima ilikuwa ikiwazungumzia. (Vávra mwenyewe ni kisa kingine. Aliongoza filamu chini ya kila utawala uliopita nchini mwake na akafariki mwaka 2011 akiwa ametimiza miaka mia. Wanafunzi walimwona kila siku mtu aliyejua kuishi na kila mwenye nguvu, na nadhani somo hilo liliwaingia kuliko yale ya kamera.)

Mwaka 1966 Menzel akatoa Ostře sledované vlaky, hiyo treni yako, kutoka katika kitabu cha Bohumil Hrabal, ambaye wakati wa vita alifanya kazi ya kuongoza treni stesheni. Walipigia picha katika stesheni ndogo ya Loděnice, nje ya Praha. Bila shaka unamkumbuka yule daktari kijana anayemshauri Miloš, kijana wa stesheni, afikirie mpira wa miguu: huyo ni Menzel mwenyewe. Aprili 1968 filamu hiyo ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Alikuwa na miaka thelathini. Miezi minne baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti, vifaru vya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Urusi ya Kisovieti, vikaingia Praha.

Sasa tuje kwa "wenzake walikimbilia Marekani". Habari hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokuumiza bure. Mwongozaji mwenzake, Miloš Forman, hakukimbia vifaru; siku vilipoingia yeye alikuwa Paris. Kilichomkabili ni kurudi au kutorudi, na hilo ni tofauti kabisa na kuamka asubuhi ukaviona chini ya dirisha lako. Ivan Passer aliondoka mapema 1969, Vojtěch Jasný mwaka uliofuata, Jan Němec mwaka 1974 baada ya kufungiwa kila mlango. Lakini Chytilová alibaki. Schorm alibaki. Jaromil Jireš, Karel Kachyňa, František Vláčil, wote walibaki, na Juraj Herz aliondoka mwaka 1987 tu. Waliobaki walikuwa wengi kuliko waliokwenda. Hilo la "kupigania uhuru" nalo tulipunguze chumvi: Forman alikwenda Marekani kufanya kazi, akaifanya, Oscar tano za mwaka 1975 zikaja, na mwaka 1983 akarudi Praha kupiga picha za Amadeus kwa ruhusa ya serikali ileile aliyoiacha. Simlaumu hata kidogo. Nakwambia ili usidhani upande mmoja walikaa malaika na upande wa pili waoga. Forman naye alikaa mezani na serikali hiyo, ila alikuja akiwa na dola za Marekani mkononi.

Kwa nini Menzel hakuondoka? Tazama anachocheka nacho. Kichekesho chake kinaishi ndani ya Kicheki: mzee anayebwabwaja kwenye kilabu cha bia, mkuu wa stesheni mwenye njiwa mabegani, neno moja lenye maana mbili. Forman alikuwa mtazamaji wa sura za watu, na sura zipo kila mahali. Menzel alikuwa mtu wa masimulizi, wa waandishi kama Hrabal na Vladislav Vančura. Mng'oe mtu huyo umpande California, atakauka. Hiyo ni tafsiri yangu mimi, lakini tazama filamu zake tano mfululizo kisha uniambie kama nimekosea.

Jambo ambalo wanafunzi wangu hulikosa mara nyingi ni namna mtambo wenyewe ulivyofanya kazi. Akilini mwao wanaona polisi mlangoni na msanii gerezani. Kwa watu wa filamu haikuwa hivyo. Sinema za Chekoslovakia zilitaifishwa Agosti 1945, mapema kuliko hata ukomunisti kushika dola mwaka 1948. Studio za Barrandov, kule juu ya mlima Praha, zikawa mali ya umma pamoja na kamera, maabara, magari na majumba ya sinema. Mwongozaji alikuwa mwajiriwa. Hata hiyo treni yako, ambayo watu wanadhani ilitengenezwa kwa kificho, ililipiwa na serikali, ikapitishwa na serikali, na ni serikali iliyoipeleka kwenye Oscar. Katika miaka ya 1960 mle ndani ya Barrandov kulikuwa na vikundi vya ubunifu, kila kimoja na wahariri wake wa skripti, na vikundi hivyo vilijua kupenyeza kitu. Kama kikundi hiki hakikukutaka, ulikwenda kile.

Baada ya Gustáv Husák kushika uongozi wa chama cha kikomunisti Aprili 1969 ukaanza wakati ambao wao wenyewe waliuita "urekebishaji", yaani kurudisha mambo kwenye hali ya kawaida. Vikundi vikavunjwa. Wakubwa wa studio wakabadilishwa. Skripti zote zikaanza kupita katika mlango mmoja wa juu. Hapo hapakuwa na haja ya kumfunga mtu: ulileta wazo, likakaa, ukaleta la pili, likakaa, mwaka ukapita na simu haijalia. Hakukuwa na mtayarishaji wa pili wa kumwendea, wala kamera ya kukodi mtaani. Mwandishi wa vitabu angeweza kuandikia mtoto wa meza, na wengi waliandika hivyo, nakala zikapita mkono kwa mkono. Filamu huwezi kuiandikia mtoto wa meza. Hii ndiyo sababu sipendi mwongozaji wa Barrandov apimwe kwa kipimo cha mshairi.

Na kabla ya mlango kufungwa, Menzel alikuwa amefanya jambo ambalo rafiki yako inaelekea hajalisikia. Mwaka 1969, vifaru vikiwa tayari nchini, alimaliza Skřivánci na niti, yaani "Vipozamataza kwenye uzi", tena kutoka kwa Hrabal, ambaye baada ya vita alifanya kazi ya kubeba vyuma katika viwanda vya Kladno. Ni hadithi ya yadi ya vyuma chakavu miaka ya mwanzo ya ukomunisti, mahali walikopelekwa watu wa "tabaka la zamani" wakaelimishwe upya kwa jasho. Yumo profesa aliyekataa kuharibu vitabu. Yumo mpiga saksofoni, kwa kuwa saksofoni imeonekana kuwa ala ya mabepari. Yumo mwendesha mashtaka aliyeamini kwamba mshtakiwa ana haki ya kujitetea. Na yumo kijana mpishi, Pavel, Msabato aliyekataa kufanya kazi Jumamosi. Nikifika hapo darasani huwa nasimama kidogo, kwa sababu daima kuna mwanafunzi ambaye bibi yake au shangazi yake amewahi kupoteza kibarua kwa ajili ya Sabato hiyohiyo, na ghafla Kladno inakuwa jirani.

Mle yadini wanaume na wafungwa wanawake wanatongozana kwa vidole, juu ya milima ya mashine za taipu na misalaba iliyovunjwa, na unacheka. Halafu mmoja anauliza swali, gari jeusi linakuja, hayupo. Mwingine anauliza yule wa kwanza yuko wapi, naye hayupo. Pavel anauliza, na filamu inaisha lifti ikiteremka naye shimoni huku mwanga wa juu ukizidi kuwa mdogo. Hakuna aliyepiga kelele. Sijui filamu nyingine ya nchi ile iliyosema jambo hilo wazi namna ile, wala kwa upole namna ile.

Haikuteketezwa, kama inavyodaiwa wakati mwingine. Iliwekwa ndani ya sefu pamoja na nyingine kadhaa, ikiwemo ile ya Kachyňa kuhusu ofisa na mkewe wanaogundua nyumba yao ina vinasa sauti. Wacheki wanaziita mpaka leo "filamu za sefu". Ikakaa humo miaka ishirini. Na aliyeitengeneza, mwenye Oscar yake, hakupewa filamu yoyote kwa miaka mitano. Alirudi jukwaani, ambako hata hivyo ndiko alikotaka kuanzia.

Sasa bwawa.

Filamu inaitwa Kdo hledá zlaté dno, ilitoka mwaka 1974. Kijana anamaliza jeshi, anakwenda kutafuta maisha kwenye ujenzi wa bwawa la Dalešice, huko Moravia, anakutana na wanaume wa kazi, magari makubwa, na maadili. Nimeitazama mara mbili, ya pili kwa wajibu. Ni filamu ya mtu anayelipa faini. Picha ni safi, kwa sababu hakujua kufanya kazi chafu, lakini hakuna mtu ndani yake ambaye ungependa kunywa naye chai. Unasema aliiangukia serikali. Sikupingi: filamu hiyo ndiyo kuanguka kwenyewe, dakika kwa dakika, na jina lake limeandikwa mwanzoni. Usikubali mtu akuambie ilikuwa kejeli ya siri. Wapo wanaojaribu. Haikuwa.

Lakini angalia kilichofuata, na hasa mahali kilipofuata. Mwaka 1976 akaruhusiwa kufanya kichekesho cha familia ya Praha inayotaka nyumba ya mapumziko kijijini na mzee asiyekufa wala kuhama. Kisha, mwaka 1980, akarudi kwa Hrabal na Postřižiny: maisha ya wazazi wa mwandishi ndani ya kiwanda cha bia, mama kijana mwenye nywele ndefu mpaka kwenye tairi la baiskeli, baba mwoga, mjomba anayefoka badala ya kuzungumza, siku ya kuchinja nguruwe na nyuso zilizopakwa damu kwa mzaha. Hakuna chama ndani yake. Hakuna ujenzi wa taifa. Kuna mwili, chakula, bia, na mwanamke anayekata nywele na sketi kwa sababu amejisikia. Kiwanda hicho cha bia alikipigia picha wapi? Dalešice. Palepale. Miaka sita baada ya kulipa faini kwenye bwawa, alirudi kijiji kilekile akatengeneza filamu yenye furaha kuliko zote alizowahi kufanya. Sidai alikusudia. Ila nikiwaonyesha wanafunzi hizo mbili siku moja, asubuhi ile ya bwawa na alasiri ile ya bia, huwa sina haja ya kuhutubia.

Nikuongezee jambo juu ya Hrabal mwenyewe, kwa sababu watu humsahau wanapomhukumu Menzel. Naye alifungiwa, na mwaka 1975 akatoa mahojiano ya kujikosoa kwenye gazeti moja la chama ili vitabu vyake vichapishwe tena. Vijana wakavichoma vitabu vyake Praha kwa hasira. Mwaka uliofuata Postřižiny ikatoka ikiwa kitabu. Yaani filamu hiyo unayoweza kuitazama leo imesimama juu ya magoti ya watu wawili, ya mwandishi na ya mwongozaji. Hapo ndipo panapokuwa pagumu, na nisingependa nipafanye rahisi kwa ajili yako.

Maana upo upande wa pili wa mizani, na jina lake ni Evald Schorm. Wenzake walimwona kama dhamiri ya kizazi kile. Hakuinama. Matokeo yake, mmoja wa waongozaji wakubwa wa Ulaya alitumia karibu miaka ishirini kwenye jukwaa na opera, akapewa tena filamu mwishoni kabisa, na akafariki Desemba 1988, miezi kumi na moja kabla ya serikali ile kuanguka. Hakuiona siku hiyo. Aliyebaki na heshima kamili hakuacha filamu za miaka hiyo. Aliyeacha filamu ana doa. Chytilová alipita njia ya tatu: mwaka 1975 akamwandikia rais Husák barua ndefu akijitetea na kudai kazi kwa ukali, akapewa, akafanya filamu ya mambo ya hospitali ya uzazi. Mwigizaji wake mkuu, daktari mpenda wanawake, alikuwa nani? Menzel. Chytilová hakuwa mwanamke wa kufumba macho. Angemwona ni msaliti asingemweka mbele ya kamera yake. Hilo kwangu lina uzito kuliko hukumu ya yeyote kati yetu ambaye hakuwepo.

Na vile "vichekesho vya kijijini". Tafadhali itazame Vesničko má středisková ya mwaka 1985, aliyoiandika Zdeněk Svěrák, kabla hujaidharau. Otík ni kijana mzito wa akili, ni utingo wa lori la ushirika, na ana nyumba aliyoachiwa na wazazi. Mkubwa mmoja wa Praha anaitaka nyumba hiyo iwe ya mapumziko ya wikiendi, kwa hiyo Otík anapewa kwa ukarimu kazi mjini na chumba kwenye ghorofa. Hakuna anayempiga. Kila mtu ana tabasamu na karatasi ziko sawa. Ukiitazama huku umeukumbuka ule mtambo wa Barrandov niliokueleza, wa simu isiyolia, utaona kwamba Menzel anauelezea mtambo huohuo kwa mtindo ambao mkaguzi hawezi kuuwekea kidole. Wacheki waliijaza kumbi, na filamu hiyo ikateuliwa kuwania Oscar. Je, ni kali kama ile ya yadi ya chuma? Hapana. Baada ya 1969 hakurudi tena kwenye ukali ule, hata alipokuwa huru kuurudia, na hiyo ndiyo hasara ninayoiona mimi. Nadhani kisu kikikaa alani muda mrefu kinashika kutu, hata kama mkono wa mwenyewe bado una nguvu.

Februari 1990, miezi mitatu tu baada ya serikali kuanguka, filamu ya sefu ikaonyeshwa Berlin na kupata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha hilo la filamu, ikigawana na filamu ya mwongozaji Costa-Gavras. Tuzo kubwa kwa filamu yenye umri wa miaka ishirini na moja. Ungedhani sasa mambo yamenyooka. Sikiliza basi: baada ya filamu yake ya askari Čonkin mwaka 1994, Menzel hakutoa filamu ndefu nyingine mpaka 2006. Chama kilimnyamazisha miaka mitano, soko huria likamnyamazisha kumi na miwili. Kisa kikubwa kilikuwa haki za kitabu kingine cha Hrabal, kile cha mhudumu wa hoteli, "Nilimhudumia Mfalme wa Uingereza", ambazo ziliuzwa bila ridhaa ya Menzel. Mwaka 1998, kwenye tamasha la Karlovy Vary, mbele ya watu, alimcharaza fimbo mtayarishaji aliyeziuza. Mtu aliyevumilia Husák bila kupaza sauti! Mwishowe filamu aliifanya yeye mwenyewe, akiwa na miaka karibu sabini. Alifariki Praha tarehe 5 Septemba 2020.

Kwa hiyo nimweke wapi, unauliza. Mimi nimemweka rafu moja na Schorm, na sijaifuta filamu ya bwawa kwenye orodha yake. Naifundisha. Neno "msaliti" nalikataa kwa sababu maalumu: msaliti humuuza mwenzake, na kwenye suala la bwawa aliyeumia ni jina la Menzel mwenyewe. "Mwoga" naweza kulijadili nawe jioni nzima.

Tuje kwako, mwanangu. Udhuru wa Menzel huwezi kuuazima. Yeye alikuwa na studio moja nchi nzima. Wewe una simu inayopiga picha nzuri kuliko kamera nyingi nilizojifunzia, na wenye hela za kutengeneza filamu wapo zaidi ya mmoja, hata kama wote ni wabahili. Kwa upande mwingine, kodi ya chumba ni kodi ya chumba, nami sitakaa kwenye kiti changu cha mshahara nikuambie ulale njaa kwa ajili ya sanaa. Filamu ya kusifia mradi si dhambi kwa jina lake. Kuna swali moja ningeliuliza kabla ya yote: katika dakika hizo arobaini, kuna mtu ataumizwa na unachokiandika? Mathalani watu waliohamishwa, ambao skripti itasema wamefurahi wakati wewe unajua hawakufurahi. Kama wapo, kataa, hata wakikuongezea. Kama hakuna, na ni sifa za kawaida za zege na mitambo, hiyo ni kazi ya matangazo. Ifanye kwa usafi, omba jina lako lisiwekwe kama unaona haya, na usiwaambie wenzako kwamba ni kejeli ya siri.

Ipo pia njia ya katikati ambayo Menzel hakuipata: waombe wakuruhusu kuwafuata wafanyakazi badala ya mashine. Wakati mwingine wanakubali, kwa sababu hawakuwa wamefikiria. Wakikataa, umeshajua unafanya kazi na nani.

Yaliyobaki sina uwezo nayo nikiwa mbali. Mkataba wako sijauona, na hilo la "jina langu litawekwa" limenitia wasiwasi kidogo, kwa sababu jina likiwekwa bila kueleza haki za skripti, za kubadilisha na za kutumia tena, unaweza kukuta maneno usiyoyaandika yamesimama juu ya jina lako. Nenda ana kwa ana kwa wakili anayeshughulika na hakimiliki, au uanzie ofisi ya hakimiliki ya nchi yako uulize; nenda na karatasi zenyewe, usiende na picha za simu. Kisha mtafute mtu mmoja aliyekutangulia kazini miaka kumi au zaidi, mnywe naye chai, umuulize ni kazi gani aliwahi kuijutia na kwa nini. Nami wiki ijayo nitakuwa na darasa la Alhamisi jioni, asubuhi yake tunatazama bwawa. Njoo ukae nyuma, na mkataba usiutie sahihi kabla ya hapo.